Kuzifahamu Aina za Saratani na Tiba Zake kabla ya Kupanda Basi la Mombasa

Mgonjwa anaporudi nyumbani Malindi au Lamu na karatasi ya majibu iliyoandikwa neno saratani, jamaa huanza kuulizana ni hospitali gani iliyompokea fulani na ni dawa gani aliyopewa. Swali hilo limekuja mapema mno. Jina hili, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni kaa, na ambalo wanaofuata falaki wanalijua pia kama nyota, limefunika maradhi zaidi ya 100. Kinachoyaunganisha ni kwamba seli za mwili huzaana pasipo mpango, hupenya sehemu za jirani, na pengine husafiri kwa damu au kwa mishipa ya limfu hadi viungo vya mbali. Dawa iliyomfaa shangazi mwenye saratani ya titi huenda isimfae kabisa mjomba mwenye saratani ya umio, na huenda isimfae hata jirani mwenye saratani ya titi kama yeye.

Kwa hivyo anza kwa kuhakikisha kwamba ugonjwa umethibitishwa kwa kinyama. Picha huonyesha uvimbe ulipo na ukubwa wake, lakini mara nyingi ni kipande kilichokatwa au kuvutwa kwa sindano, kikatazamwa kwa darubini na mtaalamu wa patholojia, ndicho kinachosema uvimbe huo ni nini hasa. Wako wanaokataa kuguswa kwa kusikia kwamba uvimbe ukichokorwa hukasirika. Naielewa hofu hiyo: watu wengi hufika hospitali wamechelewa, hukatwa kinyama, hufariki baada ya muda mfupi, na lawama huangukia sindano badala ya miezi iliyopotea. Pale ambapo sindano ina hatari ya kweli, kama katika uvimbe wa korodani, madaktari wenyewe huiepuka na kuiondoa korodani nzima. Omba nakala ya majibu na uifunge ndani ya plastiki, hasa ikiwa utavuka kwa boti hadi Mokowe, kwani karatasi iliyolowa maji ya bahari imewahi kumrudisha mtu mwanzo wa safari.

Katika karatasi hiyo tafuta kwanza mahali saratani ilipoanzia. Saratani ya titi iliyofika kwenye mfupa haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Inabaki ya titi na hutibiwa kwa dawa za titi, kama vile tunda la mkoko lililochukuliwa na maji ya mkondo wa Mkanda likaota ufuo wa kisiwa cha Pate linavyobaki kuwa mkoko. Kisha tazama aina ya seli. Karsinoma, ambayo ndiyo iliyo nyingi, huanzia katika ngozi na katika tabaka zinazotanda ndani ya viungo, na ikiwa imeanzia kwenye seli za tezi huitwa adenokarsinoma. Sarkoma huanzia katika mifupa, misuli au mafuta, limfoma katika seli za kinga zilizomo ndani ya tezi za limfu, na lukemia katika uboho unaotengeneza damu, ndiyo sababu lukemia haina uvimbe wa kukatwa na tiba yake kuu ni dawa.

Jambo la tatu huwachanganya wengi. Daraja hueleza jinsi seli zilivyoharibika umbo zikitazamwa kwa darubini, ilhali hatua, ambayo huhesabiwa kutoka 1 hadi 4, hueleza ugonjwa umeenea kiasi gani mwilini. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 na hatua ya 1, na huyo ana matumaini makubwa kuliko jamaa zake wanavyodhani wanapoiona hiyo tarakimu 3. Kwa saratani ya titi ongeza herufi ER, PR na HER2, ambazo ni alama za seli zinazopimwa katika kinyama. Mbili za kwanza zikiwa chanya, uvimbe hulishwa na homoni, na vidonge kama tamoksifeni vinaweza kutumika kwa miaka 5 au zaidi. HER2 ikiwa chanya, kuna dawa iitwayo trastuzumabu inayoilenga. Majibu yasiyo na herufi hizo hayajakamilika, na ni haki yako kuuliza kwa nini.

Huku kwetu yapo mambo ya kutazamwa kwa jicho la pekee. Popoo iliyomo ndani ya tambuu husababisha saratani ya kinywa hata pasipo tumbaku, kwa hivyo kidonda au weupe mdomoni usiopona kwa wiki 3 uonyeshwe kwa daktari. Kahawa yenyewe haina kosa; ni vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, ndivyo vinavyoshukiwa kuliunguza umio, basi acha kikombe kipoe kidogo, ijapokuwa wazee wa barazani watakucheka. Kwa aliyekulia kando ya Mto Sabaki au Tana, kukojoa damu utotoni huchukuliwa kuwa jambo la kawaida kwa sababu ya kichocho, lakini mayai ya minyoo hiyo yakikaa miaka mingi katika ukuta wa kibofu yanaweza kuleta saratani. Mtu mzima anayekojoa damu asiridhike na vidonge vya kichocho peke yake, bali achunguzwe kibofu. Na mtoto anayevimba taya kwa kasi ya siku chache asipelekwe kwa daktari wa meno tu, maana huenda ni limfoma ya Burkitt, ugonjwa ulioelezwa nchini Uganda mwaka 1958, unaofuatana na malaria, na ambao hupona vizuri kwa dawa ukiwahiwa.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu inazuilika. Huletwa na virusi vya HPV, ambavyo aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya visa, na Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Kwa mama ambaye hakupata chanjo, muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kabla haijawa saratani. Ikigunduliwa mapema hupasuliwa. Ikiwa imeenea karibu na kizazi, hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa.

Tiba ya mionzi huhitaji mpango wa makazi kuliko kitu kingine. Kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 5 hadi 7, na hakuna anayeweza kusafiri kutoka Lamu hadi Mombasa kila asubuhi, wala Malindi si karibu, kwani ni takriban kilomita 120. Tafuta jamaa wa kufikia Mombasa kabla ya tarehe ya kwanza. Mionzi inayopigwa kutoka nje haiuachi mwili na sumu, kwa hivyo mgonjwa anaweza kuwapakata wajukuu.

Tibakemikali, ambayo wagonjwa huiita kemo, aghalabu hutolewa kila baada ya wiki 2 au 3, na damu hupimwa kabla ya kila awamu kwa kuwa dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za kinga. Hapa pana hatari ambayo ningependa ikumbukwe kuliko yote: homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo si ya kumezewa dawa ya malaria nyumbani na kungoja boti ya asubuhi. Mpeleke usiku huo huo katika hospitali iliyo karibu, uwaambie kwamba yuko kwenye kemo, na kipimo cha damu pamoja na antibayotiki vianze hapo.

Dua na kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani, havigombani na hospitali. Mitishamba ya kunywa ndiyo inayopaswa kutajwa kwa daktari, kwani mingine huliumiza ini ambalo tayari lina kazi ya kusafisha dawa. Na anayetaka kufunga Ramadhani azungumze naye mapema, si baada ya mwezi kuandama.

Kabla ya kukubali tiba yoyote, muulize daktari waziwazi kama lengo ni kuuondoa ugonjwa au kuutuliza, na uhakikishe usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekamilika na kibali kimeombwa. Jibu likiwa ni kutuliza, omba tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza mateso, siku hiyo hiyo. Mofini ya maji hunywewa nyumbani kwa saa zilizopangwa, pasipo kungoja maumivu yapande, na kwa kuwa hufunga choo, muulize daktari akuandikie pamoja nayo dawa ya kulainisha.