Muhula wa uchapaji: hesabu siku za wino kukauka
Mwalimu unayepanga muhula wa uchapaji wa sanaa, usianze na mbao. Anza na monoprinti, yaani chapa ya nakala moja tu: kioo, wino na rola tu. Hapo mwanafunzi anajifunza kipimo cha wino. Uso wa wino ukifanya vinundu kama ganda la chungwa, wino umezidi. Kisha linoleamu, aina ya tandiko la sakafu linalochongwa picha (ianike juani kidogo, italainika kuchonga), mbao zifuate, skrini (wino hupitishwa kwenye kitambaa cha wavu) mwisho.

Wiki nyingi zaidi zipe linoleamu ya rangi nyingi inayochongwa kwenye kipande kilekile, maana wino wa mafuta huweza kuchukua siku kadhaa kukauka. Rangi ya kwanza ichapwe Ijumaa, na karatasi za akiba za kutosha: ukishachonga kwa ajili ya rangi ya pili, ya kwanza huwezi kuichapa tena.