Sayari nane kwenye kamba ya usumba

Walimu wenzangu wa Mombasa, kama darasani mna mtoto asiyeona, msimwache nyuma siku ya somo la sayari. Tafuta kamba ya usumba ya mita 3 na ushei, na shanga nane za maumbo tofauti. Ncha moja funga kifuu cha nazi. Hilo ndilo Jua. Kutoka hapo pima: Utaridi sentimita 4, Zuhura 7, Dunia 10, Mirihi 15, Mshtarii 52, Zohali 96, Uranus 192, Neptune 300. Shanga zishone kwa uzi. Usipige mafundo, maana fundo huifupisha kamba na vipimo vyote vikaharibika.

Mpe ashike kifuu, kisha apapase mwenyewe. Tafadhali usimvute mkono. Sayari nne za kwanza zinaishia ndani ya shubiri moja. Baada ya hapo vidole vinakwenda, vinakwenda, mpaka anauliza kama shanga zimekwisha. Mnyamazie kidogo, aendelee. Utupu ule wa angani, hata wanaoona hawaupati kwenye mchoro wa kitabu. Mwambie pia kwamba ukubwa wa shanga si wa kweli, na kwamba sayari hazikai kwenye mstari mmoja. Kila moja inalizunguka Jua kivyake.