Nyuzinano kwa umeme: sahihisha mchanganyiko kabla ya volti

Mtambo wa kutengeneza nyuzinano, yaani nyuzi nyembamba mno za kipimo cha nanomita, ni vitu vinne: pampu ya bomba la sindano, sindano ya chuma iliyokatwa ncha, chanzo cha umeme wa DC wa hadi kilovolti 30, na bamba lenye karatasi ya alumini lililofungwa waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini). Nyuzi zikigoma, wengi hukimbilia kitufe cha volti, kumbe kosa limo ndani ya bomba.

Jifunzie kwa PVA (polivinili alkoholi, aina ya plastiki), maana huyeyuka kwenye maji. Chagua yenye uzito wa molekuli kati ya 85,000 na 124,000. Pima gramu 5 za unga kwa gramu 45 za maji yaliyokenekwa. Nyunyiza unga kidogo kidogo maji yakiwa baridi, huku ukikoroga, ndipo upashe hadi nyuzijoto 85 kwa saa 2 au 3. Ukiumwaga kwenye maji ya moto utapata mabonge: nje gundi, ndani unga mkavu. Funika chombo, la sivyo maji yatapotea kwa mvuke na ile 10% yako itakuwa ya karatasini tu. Acha ipoe, viputo vitoke.

Weka sindano ya geji 21 (kipimo cha unene wa sindano) umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye bamba, pampu mililita 0.5 kwa saa, kisha panda polepole hadi kilovolti 15. Mulika tone kwa taa ya pembeni. Litachongoka kama pia. Hiyo ndiyo koni ya Taylor. Uzi hutoka nchani ukiwa umenyooka sentimita chache, halafu huanza kujipinda kama mjeledi. Ni katika kujipinda huko ndipo unaponyooshwa ukawa mwembamba na maji yakakauka.

Ukiona shanga kwenye nyuzi, mchanganyiko ni mwepesi na molekuli hazijasukana vya kutosha: panda hadi 11% au 12%. Hadubini ya kawaida ya mara 400 huonyesha shanga. Unene wa nyuzi hupimwa kwa hadubini ya elektroni. Matone yakidondoka, punguza pampu. Ncha ikiganda, mchanganyiko ni mzito au hewa ni kavu mno. Unyevu hewani ukizidi 60%, nyuzi hufika mbichi, zikashikana na utando zinaoufanya kwenye bamba ukawa angavu kama plastiki.

Usiguse sindano kwa sababu tu umezima. Chanzo hubaki na chaji. Gusisha sindano kwanza kwa fimbo iliyounganishwa na ethi.

Utando huu hufaa kwa vichujio vya hewa, vifunika vidonda na viunzi vya kukuzia seli, lakini wa PVA tupu hulowa ukayeyuka. Ili usiyeyuke, tia asidi ya sitriki, 5% ya uzito wa PVA, kwenye mchanganyiko kabla ya kuanza, kisha weka utando kwenye oveni ya nyuzijoto 140 kwa saa 2. Usitarajie mavuno makubwa: kwa kasi ya mililita 0.5 kwa saa, sindano moja hutoa takriban gramu 0.05 za nyuzi kavu kwa saa.