Jinsi ya kuvunja kaida za kila siku bila kupigwa, na kuandika ulichokiona

Kila muhula hakosekani mwanafunzi wa sosholojia anayenitumia ujumbe usiku: mwalimu ametoa zoezi la kuvunja kaida ya kijamii, ripoti inatakiwa keshokutwa, na yeye ameshaamua kwenda sokoni amevaa shati ndani nje. Juzi nimemsaidia binti mmoja zoezi hilo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Aliyelipatia zoezi hili umaarufu ni Harold Garfinkel, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika kitabu alichokitoa mwaka 1967. Aliwaagiza wanafunzi wake wakae nyumbani kwao kana kwamba ni wapangaji, kwa robo saa hadi saa nzima: wawe na adabu ya ugenini, wasizungumze mpaka wasemeshwe. Wazazi walishangaa, wengine wakapandisha hasira. Lakini hawakuishia kwenye hasira, walianza kutafuta sababu: masomo yamekuchosha, unaumwa, umegombana na mchumba. Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta. Hasira kila mtu anaijua. Wewe angalia watu wanavyohangaika kuirudisha hali mahali pake, na sababu wanazokutungia bila wewe kuwaomba.

Hatua ya 1: Chagua kaida ndogo

Iwe ndogo kweli, ambayo ukiivunja hakuna anayepoteza kitu. Kula hadharani mchana wa Ramadhani kule Zanzibar si zoezi. Polisi wamewahi kukamata watu kwa jambo hilo, na hata wasingekamata, hapo umegusa imani ya watu. Kupita taa nyekundu ni kosa la barabarani. Kumnyima mzee shikamoo kwa makusudi sikushauri pia: atakachokifanya unakijua tayari, na mama yako atakuwa ameshapata habari kabla hujafika nyumbani.

Mambo mawili nakataza bila mjadala. La kwanza ni chochote kinachoweza kudhaniwa wizi: kusimama karibu mno na mkoba wa mtu, kuingia ua usio wako, kumsemesha mtoto usiyemjua. Mtu mmoja akipaza sauti "mwizi!", hakuna atakayesubiri umalize kueleza Garfinkel ni nani. La pili ni chochote kinachonuka uchawi: kuzungukazunguka nyumba ya mtu, kuacha vitu njia panda, kucheza na mayai au vitambaa vyekundu. Wanafunzi hucheka nikifika hapa. Wazazi wao hawacheki.

Yanayobaki ni mengi. Garfinkel aliwatuma wanafunzi kuomba kupunguziwa bei kwenye bidhaa za bei isiyojadiliwa. Kwetu geuza: nenda Kariakoo, uliza bei ya shati, toa bei ya kwanza uliyotajiwa bila neno, na umwangalie muuzaji atakavyoigeuzageuza ile noti. Au pita mahali watu wanakula, wakikwambia "karibu", badala ya "asanteni, nimeshiba" nawa mikono ukae. Hili nalipenda sana, ila lifanye penye sinia kubwa. Usimalizie fundi sahani yake moja ya wali aliyoitegemea mchana kutwa.

Binti alichagua salamu, na salamu ndiyo ninayompendekezea kila mtu. Haina gharama, ipo kila mahali, na hakuna anayejua kwamba anaifuata.

Hatua ya 2: Iandike kaida kabla hujaivunja

Kaa kwa mama ntilie au kijiweni, sikiliza watu wakisalimiana, andika. Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani kwamba salamu zao wanazijua. Binti naye alidhani hivyo, mpaka alipoona kwenye daftari lake kwamba hakuna aliyeanza na habari mbaya. "Nzuri tu, ila mama amelazwa Muhimbili." "Salama, sema tumefiwa." Uzima kwanza, msiba baada ya "ila". Hiyo ndiyo kaida, na sasa unajua mahali pa kuikata.

Hatua ya 3: Tunga sentensi moja

Moja tu, na isibadilike kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi mmoja wa Garfinkel, rafiki yake alipomuuliza hali, alimjibu kwa kumtaka afafanue: hali gani, afya, fedha, masomo? Rafiki alibadilika rangi na kumwambia kwamba alikuwa anajaribu tu kuwa na adabu, wala hajali hali yake. Ukitaka njia hiyo: "Habari za nyumbani?" "Unauliza habari gani, afya au hela?" Mimi naona ni kali mno kwa jirani, ibakize kwa rafiki. Binti alitumia hii: "Mbaya. Mbu hawakuniacha nilale."

Iwe kweli. Ukisema mama anaumwa wakati yuko sokoni, utakuta jioni wamekuja kumjulia hali na mchango umeshaanza kupita. Hapo hukuvunja kaida, umewadanganya watu wema.

Hatua ya 4: Sema, kisha nyamaza

Hapa ndipo siku nzima huweza kupotea, kwa hiyo vumilia nikienda taratibu.

Kwanza, sentensi haitatoka. Utamwona mtu anakuja, utasalimiwa, na mdomo utasema "nzuri" wenyewe. Ni kawaida. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram aliwaambia wanafunzi wake wapande treni za chini ya ardhi za New York na kumwomba abiria aliyeketi awapishe, basi. Wengi walisita. Akaamua kujaribu mwenyewe, na yeye, profesa mzima, maneno yakamkwama kooni. Alipofanikiwa kupata kiti alijikuta anainamisha kichwa na kuonekana kama mgonjwa, ili ombi lake lionekane lina sababu. Ukiona mwili wako unakufanyia hivyo, andika. Nayo ni data, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Pili, usijieleze. Ukianza na "samahani", ukimalizia na "natania", ukichekacheka au ukimtupia jicho mwenzako aliyesimama pembeni, umemaliza zoezi kabla halijaanza, kwa sababu umempa mtu sababu na hana haja ya kuitafuta. Tazama matokeo ya Milgram na mwenzake John Sabini, waliyoyachapisha mwaka 1978. Walipoomba kiti bila kueleza chochote, asilimia 68 hivi ya abiria walipisha au walisogea. Walipoongeza kwamba hawawezi kusoma kitabu wakiwa wamesimama, waliokubali walishuka hadi asilimia 42. Utadhani sababu ingesaidia. Lakini kisababu hafifu humpa mtu kitu cha kukikataa. Asipopewa kitu anajaza pengo mwenyewe, na mara nyingi analijaza kwa wema: pengine huyu anaumwa.

(Usilijaribu hilo la kiti kwenye daladala. Konda ataingilia, abiria watachangia, na utabaki na ripoti kuhusu konda.)

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya wengi: jibu la kwanza mara nyingi litakuwa kana kwamba hukusema kitu. Binti alisema "mbaya", na watu wakamjibu "haya, tunashukuru Mungu" na kuendelea na safari. Akanipigia simu akisema zoezi limegoma. Halikugoma. Salamu ina mwendo wake, na mtu akishaingia humo anasikia lile alilotarajia kusikia. Usirudie kwa sauti kubwa. Usimkimbilie. Simama pale pale na uso wa kawaida, subiri mpaka aseme kitu mara ya pili. Kama ameondoka moja kwa moja, andika kwamba ameondoka. Wanaorudi ndio watakaokupa utamu: "Eh, umesemaje?" Halafu mvua ya sababu: unaumwa? Au ni mitihani? Nani kakuudhi? Ukiziweka kando ya zile za wazazi wa wanafunzi wa Garfinkel, utashangaa zilivyofanana.

Nne, mahali hubadilisha kila kitu. Nairobi, kwenye "niaje" na "poa", salamu ni fupi mno, mtu atakuwa ameshavuka barabara kabla hujatoa "mbaya" yako. Pale tafuta mtu mliyekaa naye, kama mwenzako wa ofisini au muuza duka. Zanzibar na Tanga mambo ni kinyume: za kuamka, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi je. Usivunje kwenye swali la kwanza, litamezwa na yanayofuata. Vunja kwenye la tatu, mtu akiwa ameshatulia ndani ya salamu.

Tano, wewe ni nani nalo lina uzito. Msichana akimpa kijana asiyemjua maelezo marefu kuhusu usingizi wake, kijana ataelewa jambo lingine kabisa, na hutaweza kulitenganisha na ulilokuja kulitafuta. Binti nilimwambia aanze na wanawake wa mtaani kwake na wanafunzi wenzake. Kijana wa kiume naye asiwafanyie wanawake wanaotembea peke yao jioni.

Mtu wa kwanza ndiye mlima. Wanafunzi wa Garfinkel waliotumwa kuomba bei ipunguzwe nao hofu yao kubwa ilikuwa kabla ya kumkabili muuzaji wa kwanza, na walioendelea wakaanza kufurahia. Anza na rika lako.

Hatua ya 5: Andika papo hapo, kwa karatasi

Daftari dogo na penseli. Sitaki kusikia habari za kurekodi video. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata sheria zisingekuwepo ningekataa. Simu ikishainuliwa watu huanza kuigiza, na wewe unageuka mmoja wa wale wanaomwagia watu maji ili wapate wafuasi.

Chora safu nne: alichosema, alichofanya, sababu aliyonitungia, nilivyojisikia mimi. Kwenye safu ya pili usiandike "alikasirika". Andika "alishusha ndoo, akanitazama miguuni hadi kichwani". Ukisubiri hadi jioni utaandika hadithi nzuri ambayo haikutokea.

Hatua ya 6: Warudie uwaambie

Siku hiyo hiyo. "Shangazi, asubuhi nilikujibu vile kwa sababu ya zoezi la chuo. Naomba radhi, na kama hutaki nikuandike nitafuta." Akisema futa, unafuta mbele yake. Majina usiandike kabisa. Mtaani anza na yule anayesambaza habari kuliko wote, vinginevyo utawaeleza wengine huku yeye ameshatangaza kwamba ndoa yako imevunjika, wakati hata mume huna.

Hili ni zoezi la darasa, idhini ya mwalimu kwa maandishi inatosha. Ukitaka kulikuza liwe utafiti, kibali kwa Tanzania ni COSTECH, kwa Kenya ni NACOSTI, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo.

Hatua ya 7: Ripoti

Anzia safu ya tatu. Zipange sababu zinazofanana pamoja: ugonjwa, ugomvi, kazi, ugeni, utani. Kisha jiulize ni nani alipewa sababu ipi. Je, wazee walisema unaumwa na vijana wakasema unatania? Wale ambao hawakusikia kitu wape aya yao, usiwatupe. Safu ya nne iweke mwisho, bila kuipamba.

Ukikwama kwenye kupanga, nitumie picha ya safu ya tatu tu. Ripoti nzima sisomi.