Kuchora Sura ya Mtu kwa Kurudia Kiungo Kimoja Kimoja: Mwongozo kutoka Lubumbashi

Wengi wanaotaka kujifunza kuchora sura hapa Lubumbashi huja na picha ndogo ya pasipoti ya mzazi au ya ndugu aliyefariki, nao wanatamani kuanza na uso mzima siku hiyo hiyo. Ninawaomba waiweke picha hiyo pembeni kwa majuma kadhaa, kwa sababu uso haufanani na mwenyewe mpaka jicho liwe jicho lake na pua iwe pua yake, na hayo hayapatikani bila kurudia kiungo kimoja mara nyingi sana.

Lakini kurudia kuko kwa aina mbili, na ni lazima tuzitenganishe kabla ya kushika penseli. Wachoraji wetu wa Katanga wa miaka ya 1970, akiwemo Tshibumba Kanda-Matulu aliyepaka rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, walirudia mambo yale yale kwa wanunuzi wengi: mamba muntu (nguva, nusu mwanamke nusu samaki), enzi ya ukoloni, uso wa Lumumba. Kurudia huko kuliupa mkono wao wepesi na uhakika, na sura ya Lumumba ikawa alama inayotambulika mara moja kwa miwani, ndevu za kidevuni na njia ya nywele. Hiyo ni kazi ya heshima, kwani picha ya ukumbusho inahitaji alama. Anayetafuta mfanano wa mtu fulani anahitaji kurudia kwa namna nyingine, ambako kila mchoro unamtazama tena mtu aliye hai na kupimwa kwake kabla ya mchoro unaofuata kuanza. Ukichora macho mia kutoka kichwani, utakuwa umechora jicho moja mara mia.

Hatua ya kwanza: vifaa na mwanga

Penseli tatu zinatosha: HB kwa mistari ya mwanzo, 2B kwa vivuli vya kawaida na 6B kwa weusi wa mwisho; kadiri namba ya B inavyopanda, ndivyo risasi inavyokuwa laini na nyeusi zaidi. Makala ya mbabula, yaani makaa ya jiko, ni magumu na hukwaruza karatasi, kwa hiyo ukitaka makala ya kuchorea, jaza vijiti vyembamba vikavu katika kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo, uliweke katika moto mpaka moshi ukome, kisha uliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Tafuta pia biki nyekundu, chaki nyeupe, kioo kidogo, na karatasi ya kahawia ya mfuko wa saruji, ile ya ndani isiyoguswa na vumbi.

Kaa karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka upande mmoja. Mwanga wa saa sita mchana nje, jua likiwa utosini, huyatia macho kivuli na kuficha umbo lake, hivyo asubuhi au alasiri ni bora. Umeme ukikatika usiku, mshumaa mmoja uliowekwa kando ni mwalimu mzuri kuliko taa ya darini.

Hatua ya pili: jicho

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Anza kwa kukumbuka kwamba jicho ni tufe, lenye kipenyo cha karibu milimita 24 kwa mtu mzima, na kwamba kope mbili zimelifunika kwa kulizunguka. Anayeanza huchora umbo la samaki na kuweka duara jeusi katikati. Matokeo yake ni jicho lililobandikwa juu ya ngozi. Chora kwanza duara jepesi la tufe lote, kisha upitishe kope juu yake, na mistari yake itapinda yenyewe inavyopaswa.

Gawa ukurasa katika safu tatu, kila safu iwe na michoro minne ya jicho lako mwenyewe unaloliona katika kioo. Safu ya kwanza iulize swali moja tu: pembe mbili za jicho ziko wapi, ipi iko juu kidogo kuliko nyingine, na kope ya juu inafikia kilele mahali gani? Usiweke kivuli chochote. Safu ya pili iulize juu ya vivuli peke yake. Utagundua kwamba sehemu nyeupe ya jicho si nyeupe, kwani kope ya juu huitupia kivuli. Kwamba mtu anapotazama kwa utulivu, kope hiyo hufunika sehemu ya juu ya duara la rangi. Na kwamba kope ya chini ina ukingo mnene wenye unyevu unaopokea mwanga. Ukingo huo ukisahauliwa, jicho hubaki bapa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Katika safu ya tatu, geuza kichwa robo, ukilitazama jicho linavyopungua upana, huku pembe ya ndani ya jicho la mbali ikijificha nyuma ya mgongo wa pua.

Baada ya kila mchoro, nyosha mkono, funga jicho moja, pima kwa penseli upana na urefu wa ulichokiona, ulinganishe uwiano huo na mchoro, kisha utie alama nyekundu pale ulipokosea. Usifute. Alama nyekundu inaamua mchoro unaofuata utazame nini. Bila alama hiyo mkono unazoea kosa na kulipenda. Nywele za kope na nyusi zije mwisho kabisa, kwa mafungu, si unywele mmoja mmoja uliosimama kama uzio.

Hatua ya tatu: pua

Pua haina mstari wa kuizunguka. Umbo lake lote linatokana na kivuli. Pitisha kidole kutoka katikati ya macho kwenda chini: juu utahisi mfupa, kisha sehemu laini inayotikisika. Mahali mfupa unapoishia pana badiliko dogo la mwanga ambalo wengi hulipita bila kuliona. Chora ncha kama tufe, na mabawa mawili kama matufe madogo yaliyokaa kando yake. Weusi wa matundu uwe laini pembezoni.

Kanuni inayofundishwa mara nyingi inasema upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho mawili. Ipokee kama swali. Watu wengi wanaotuzunguka wana mabawa yanayopita kipimo hicho, na mchoraji anayefuata kanuni badala ya penseli yake huwanyang’anya sura yao. Jambo hili linanigusa sana, kwa kuwa nimeona picha nyingi za mama zetu zilizopewa pua ya mtu mwingine.

Hatua ya nne: mdomo na sikio

Anza na mstari ulio kati ya midomo miwili, kwani ndio unaobeba tabia ya mtu. Ukingo wa nje wa midomo unaweza kuwa hafifu kabisa. Kumbuka kwamba midomo imelala juu ya meno, nayo inazunguka, hivyo pembe zake zinarudi nyuma. Mwanga ukitoka juu, mdomo wa juu huwa mweusi zaidi kwa sababu umeinamia chini, nao wa chini hung’aa.

Sikio lifanye kwa njia ile ile ya safu tatu, ukianza na ukingo wa nje, kisha ukuta wa ndani, na ndewe mwisho. Kwa kawaida liko kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua.

Hatua ya tano: ngozi nyeusi

Sasa rudia viungo vyote juu ya karatasi ya saruji. Rangi yake ya kahawia inakupa kivuli cha kati tangu mwanzo, kwa hiyo penseli inashuka kuelekea weusi na chaki inapanda kuelekea mwanga. Kosa la kawaida ni kusugua penseli kila mahali mpaka uso uwe mweusi sawasawa, wakati ngozi yetu hung’aa sana kwenye paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua na mdomo wa chini. Weka 6B akiba kwa mboni, matundu ya pua na mstari wa kati ya midomo.

Hatua ya sita: kuunganisha

Ukiweza kuchora kurasa mbili mfululizo za kiungo kimoja ambazo alama nyekundu zinapungua, muombe jirani akukalie kwa dakika kumi, kwa ridhaa yake. Mstari wa macho uwe katikati ya urefu wa kichwa kizima, kuanzia utosini hadi kidevuni, wala si katika theluthi ya juu ambako wengi huuweka kwa kusahau fuvu. Weka nafasi za viungo vyote kwa mistari myepesi kabla ya kukamilisha hata kimoja, kisha ugeuze karatasi juu chini na uitazame: jicho lililopanda au mdomo uliopinda utaonekana mara moja. Andika tarehe nyuma ya karatasi, na kiungo kilichopata wekundu mwingi kuliko vingine ndicho utakachoanza nacho kesho.