Kabla hujalipia programu ya kutunza nyaraka, ijaribu kwa risiti iliyofifia

Wenye biashara, msibabaike na maonyesho ya muuzaji. Nyaraka zake za mfano huwa safi, zimenyooka. Zako haziko hivyo. Chukua risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyokaa miezi kwenye gari, ile karatasi inayofifia kwa joto, ipige picha kwa simu, iingize kwenye programu kipindi cha majaribio ya bure, kisha itafute kwa namba yake au jina la duka. Ongeza hati ya kupokelea mzigo iliyojazwa kwa mkono, na mkataba wa pango ambao muhuri umefunika nusu ya maandishi. (Mwandiko wa mkono huzishinda programu nyingi, usishangae.) Kama hata risiti isiyofifia haipatikani ukiitafuta, umenunua kabati la mafaili la kulipia kila mwezi.

Jingine ni mlango wa kutokea. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na programu unaweza kuichoka mwaka wa 2. Mwambie muuzaji akuonyeshe, siyo akueleze, jinsi ya kushusha mafaili yote kwa mpigo, majina na tarehe zikiwa palepale. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru uondoke.

Bei, uliza kama ni kwa kila mtumiaji. Na kila mfanyakazi awe na nywila yake. Sisi tulitumia moja ofisi nzima. Mkataba ukafutwa, na hadi leo hakuna aliyeufuta.