Kabla ya kununua priampu ya fono, isome katriji yako

Swali ninaloulizwa kila mara ni "ninunue priampu gani ya fono?", yaani kile kifaa kinachokuza umeme mdogo wa mashine ya santuri kabla haujafika kwenye amplifaya. Nami humjibu mtu kwa swali: una katriji gani, kile kipande kidogo chenye sindano mwishoni mwa mkono wa mashine? Bila hilo sina la kumshauri, na muuzaji anayekutajia kifaa kabla hajakuuliza mpishe ahudumie wengine.

Tafuta karatasi iliyokuja na katriji, au ufungue tovuti ya mtengenezaji. Takwimu ni nyingi, ila tunazozihitaji hapa ni chache: aina yake (MM, ya sumaku inayocheza, au MC, ya koili inayocheza), nguvu inayotoa kwa milivolti, mzigo inaoutaka kwa omu (ukinzani wa priampu) na, kama ni MM, kapasitansi inayoitaka kwa pikofaradi (uwezo wa waya na priampu kuhifadhi chaji ya umeme). Uzito wa sindano na pembe zake ni habari za mkono, leo hatuzigusi.

Kwenye MM sumaku ndiyo inayocheza, koili (nyaya zilizoviringwa) zimetulia. Kwenye MC ni koili zenyewe zinazocheza, kwa hiyo lazima ziwe ndogo na nyepesi, na umeme unaotoka ni kidogo sana. Audio-Technica VM95E, ambayo ni MM, hutoa milivolti 4. Denon DL-103, MC ya tangu miaka ya 1960 ambayo bado inatengenezwa, hutoa 0.3 tu.

Sasa chukua kalamu. Tundu la kawaida la amplifaya linaridhika na milivolti 300 hadi 500 hivi. Priampu ya desibeli 40 huzidisha mara 100, ya desibeli 60 mara 1,000. VM95E kwa 100 ni milivolti 400, safi kabisa. DL-103 kwa 100 ni 30. Utazungusha kitufe cha sauti mpaka kigote, na pamoja na muziki utapandisha "shhhh" ya vifaa vyenyewe. Ipe desibeli 60, inafika 300. Usijaribu kinyume chake: VM95E kwenye desibeli 60 ni volti 4 nzima, tena kwa kiwango cha kupimia tu. Santuri iliyochongwa kwa nguvu huruka mara kadhaa juu ya hapo, na priampu itaanza kukwaruza kila ngoma inapopigwa.

Angalia pia kipimo cha milivolti kilichukuliwa sindano ikichezeshwa kwa kasi gani. Wengi hupima kwa sentimita 5 kwa sekunde, wengine kwa 3.54. Ukikuta 3.54, zidisha milivolti zake kwa 1.4 ndipo uilinganishe na za wenzake. Na kuna MC zenye nguvu kubwa, kama Denon DL-110 ya milivolti 1.6: jina ni MC lakini inachomekwa upande wa MM, na desibeli 45 zinaipendeza kuliko 40.

Hesabu hiyo wengi wanaijua. Wanayoiruka ni kapasitansi, nayo ndiyo inayoharibu sauti za MM nyingi ninazoletewa kwa malalamiko kwamba "katriji hii inachoma masikio". Karibu kila priampu ya MM ina mzigo wa omu 47,000, kwa hiyo upande huo usihangaike. Lakini koili ya MM ni kubwa, na ikikutana na kapasitansi inafanya nundu kwenye sauti za juu, kisha juu ya nundu sauti inaporomoka. Nundu ikae wapi, hilo linategemea jumla ya pikofaradi, na jumla hiyo si ya priampu peke yake. Waya wa ndani ya mkono umo, na waya unaotoka kwenye mashine mpaka kwenye priampu umo.

VM95E ina koili ya milihenri 550 (kipimo cha ukubwa wa koili kiumeme) na inataka pikofaradi 100 hadi 200. Ukiipa 150, nundu inakaa karibu na kilohezi 17.5, ambako wengi wetu hata hatusikii vizuri. Ukiipa 400, inateremka hadi kama 10.7, palepale kwenye matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Hapo ndipo mtu anapoitupa katriji isiyo na kosa lolote.

Kuipima jumla hiyo si kazi. Unahitaji multimita yenye kipimo cha kapasitansi. Zima kila kitu. Ondoa katriji, kama kichwa cha mkono kinafunguka, fungua kichwa chote ukiweke pembeni. Chomoa plagi za RCA nyuma ya priampu. Gusisha ncha moja ya mita kwenye pini ya katikati ya plagi, ya pili kwenye pete yake ya nje, usome. Pima kushoto na kulia. Zisipokaribiana, waya una hitilafu. Ukikuta tuseme 130, na kitabu cha priampu kinasema 100, jumla yako ni 230: imezidi kwa VM95E, lakini Ortofon 2M Red inayotaka 150 hadi 300 inakaa hapo kwa raha. Kama mashine yako ina priampu ndani yake, kipimo hiki hakitakuambia kitu.

Tahadhari moja: usipime koili za katriji yenyewe kwa mita ya omu, hasa MC. Mita inapitisha mkondo wake, na nyuzi zile ni nyembamba mno.

Kapasitansi huongezwa kirahisi, kuipunguza ndiyo shughuli. Kwa hiyo mwenye MM namshauri achague priampu yenye pikofaradi chache, 50 au 100, au yenye swichi za kuchagua, na atumie waya mfupi. Binafsi nitatoa hela kwa waya wa nusu mita wenye kapasitansi ndogo kabla ya kuzitoa kwa kisanduku kinachong'aa.

Mwenye MC apumue, koili yake ni ndogo mno kusumbuliwa na pikofaradi. Kwake cha kuangalia ni omu za mzigo. Anza na mara 10 ya omu za koili. DL-103 ina omu 40, basi 400 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukishuka hadi 100 sauti bado ni nzuri, imetulia zaidi, ila unapoteza karibu desibeli 2. Jaribu zote mbili kwa santuri unayoijua vizuri, uchague kwa sikio.

Ukitumia transfoma ya kupandisha umeme wa MC mbele ya priampu ya MM, kumbuka inagawa mzigo kwa uwiano wake uliozidishwa kwa wenyewe. Ya 1:10 inageuza omu 47,000 kuwa 470, na DL-103 inafika kwenye priampu na milivolti 2.8 hivi. Ya 1:30 inaonekana ina nguvu zaidi, lakini mzigo unakuwa omu 52 tu mbele ya koili ya 40, na karibu nusu ya nguvu inapotelea humohumo kwenye katriji. Sipendi hivyo, ingawa wapo wanaoupenda ulaini wake.

Vyote vikishakaa, funga waya wa erthi wa mashine kwenye skrubu ya priampu. Ukiuacha, utasikia mvumo mzito hata sindano ikiwa juu. Na kama mashine ina swichi ya PHONO na LINE nyuma, iweke PHONO. Ukiiacha LINE, marekebisho ya RIAA (kurudisha besi iliyopunguzwa na sauti za juu zilizoongezwa santuri ilipochongwa) yanafanyika mara mbili: besi inavimba, sauti za juu zinafifia na muziki unapasuka, hata kama hesabu zote za hapo juu umezipatia.